Akiba ya Mshono

Miaka ishirini na sita napima watu Al-Khoudh.
Futi shingoni, chaki mfukoni,
najua nyonga za mtaa mzima
na sijamtajia mtu ya mwenzake.
Kila nguo nikatayo naacha akiba ya mshono,
vidole viwili kila upande,
kwa sababu mwili haukutia saini popote.
Kuna uzazi. Kuna Ramadhani.
Kuna huzuni ile inayokuja kukaa kiunoni.

Uwanja wa ndege wa Maskati, safari ya Salala.
Kijana wa kaunta, kola imemzidi shingo,
akaitazama skrini, akanitazama, akairudia skrini.
Kiarabu kikamkwama.
Akahamia Kiswahili cha bibi yake,
polepole, apate kunisitiri:
"Mama, kiti ni inchi kumi na saba.
Mkono wa kiti usiposhuka,
sheria ya kampuni, ununue cha pili."
Nyuma yangu kwenye foleni
mtu akakohoa kwa Kiswahili.

Kaunta ya pili mzee mwembamba
alikuwa akilipia kilo sita za halua zilizozidi.
Halua yake hakuna aliyeipunguzia sauti.

Nikalipa. Riali thelathini na nane.
Mashine ikatema karatasi mbili:
Shinuna bint Khalfan, kumi na nne A.
Shinuna bint Khalfan, kumi na nne B.
Nikazisoma kama cheti cha ndoa,
mimi na mimi,
mahari nimetoa mwenyewe.

Ndani, mhudumu akaniletea kipande cha mkanda
amekificha chini ya trei, kama magendo.
Nikakiunga. Kikalia *ka*,
na safu ya kumi na tatu yote ikageuka
kutazama mawingu ambayo bado hatujayafikia.

Mlango haujafungwa, akaja bwana mmoja,
kanzu imepigwa pasi hadi inakata,
karatasi yake nayo imeandikwa kumi na nne B.
Wamekiuza mara mbili.
"Kiti hiki kitupu?"
Nikamwambia, "Si kitupu. Nimo."
Akakitazama kile kiti,
akinitafuta.

Mhudumu akaingia kati. Zulfa, kibao kifuani kilisema.
Alinyoosha mikono kufunga kabati la juu
nami, jicho la ufundi halina adabu,
nikauona mshono wa kwapani:
umevutika, uzi unachungulia,
koti limekatwa kwa ajili ya msichana
aliyeajiriwa miaka saba nyuma.
Ndani yake hakuna hata nusu kidole cha kuachia.

Bwana akapelekwa safu ya ishirini na tatu,
akaenda akilihesabia deni mgongo wangu.

Tulipokuwa juu ya jangwa,
hudhurungi chini, hudhurungi, halafu barabara moja,
Zulfa akarudi na gilasi ya maji ambayo sikuiagiza.
Akaegemea B, akashusha pumzi.
"Wanatupima kila Januari," akasema.
"Nami," nikasema, "wamenipima leo asubuhi."
Tukacheka kidogo, kwa pua,
kama watu msibani wakikumbuka kichekesho cha marehemu.
Nikaandika nambari ya duka nyuma ya karatasi ya B.
Ilikuwa na kazi hatimaye.

Alikuja Jumanne, koti ndani ya mfuko mweusi,
akichungulia mlangoni.
Nikamfumulia kwapa zote mbili,
nikamtilia vikwapa vya kitambaa cha buluu,
karibu ile ile, si ile ile.
"Wakiona?"
"Labda wakikuamuru usalimu amri."

Akainua mikono mbele ya kioo,
akaishusha, akainua tena,
mara nne, mara tano,
kama mtoto aliyeoneshwa swichi ya taa.

Akauliza bei.
Riali mbili, nikamwambia.
Riali mbili, kama kila mtu.